Barua Iliyopelekwa kwa Mwenyewe

Ukipanda mnara wa Msikiti wa Taifa hapa Old Kampala, unauona mji wote na dini zake: Namirembe ya Waanglikana ipo karibu, Rubaga ya Wakatoliki ng'ambo kidogo, na Kibuli ya Waislamu upande wa pili wa mji. Wageni hupiga picha, hushuka, na baadhi hupita barazani kwangu kuulizia kitenge. Mimi ni fundi cherehani. Vita vya Ituri vilinitoa kwetu Boga, nikaja kutia kambi kwenye kilima hiki, na Jumapili hupewa zamu ya kuhubiri katika ibada ya Kiswahili. Kila ninapoangukiwa na Waefeso sura ya nne, pale Paulo anapotaka kweli na upendo viende pamoja, huanza na habari za hapa hapa kilimani.

Kapteni Lugard alifika mwezi Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, akajenga ngome yake hapa juu. Wakati huo Wakristo wa Buganda walikuwa wamegawanyika: waliofundishwa na mapadri wa Kifaransa wakaitwa Wafaransa, waliofundishwa na wamisionari wa Kiingereza wakaitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda watupu, watoto wa koo zilezile. Miaka michache tu nyuma, mwaka 1886, vijana wa pande zote mbili walichomwa moto Namugongo kwa kosa moja, wakafa kwa jina la Yesu mmoja. Kisha mtu mmoja wa upande wa Waingereza akauawa katika ugomvi, Kabaka Mwanga akamwachilia muuaji, Lugard akadai auawe. Tarehe 24 Januari 1892 wakapigana. Bunduki ya Maxim ililia kutoka kilimani hapa. Kanisa la Rubaga likateketea, na Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe.

Siasa ilikuwamo, nani asiyejua. Lakini wale watu waliamini pia kwamba wanaipigania kweli, na hapo ndipo habari yao inaponikereketa. Mtu anaweza kushika mafundisho sahihi, akayajua kwa sura na aya, na bado akawa hatari kwa jirani yake. Jirani yangu mmoja, Hajji ambaye huniletea kanzu zake nizipunguze, hupenda kunichokoza: "Fundi, nyinyi mlipigania nini hapa? Si kitabu kimoja?" Sijawahi kumpa jibu la kumtosha.

Sisi wa Boga tulipelekewa Injili na Mganda, Apolo Kivebulaya, aliyefika kwetu mwaka 1896. Wazee wetu walituhadithia mambo yake tangu utotoni. Chifu Tabaro alikuwa na wake wengi na alipenda pombe, na Apolo hakunyamaza juu ya hayo. Chifu akakataza watu wasimpe chakula. Baadaye dada yake chifu alikufa kwa ajali ya mkuki uliokuwa umefichwa majanini wakati watu wakikusanya nyasi za ujenzi. Lawama ikamwangukia Apolo, akafungwa, akapelekwa Toro. Alipoachiliwa alirudi Boga. Kwa watu walewale! Tabaro mwenyewe alikuja kubatizwa, akaitwa Paulo. Apolo alifariki mwaka 1933 na kaburi lake lipo Boga.

Nikiwa mtoto niliona habari hii ni ya ushujaa. Sasa naiona kwa jicho la mtu anayelazimika kuishi na majirani. Kumkemea chifu hakuhitaji zaidi ya kinywa na moyo mgumu. Kurudi kwa chifu aliyekutia kamba, ukajenga nyumba yako mahali anapoiona, hilo linahitaji kitu kingine. Nashuku kwamba kurudi kule ndiko kulikomfanya Tabaro ayasikie upya maneno yaliyomchukiza mwanzoni, maana maneno yenyewe hayakubadilika.

Apolo akiwa bado hai ukaja uamsho wa Balokole, waliookoka. Mwaka 1929, Namirembe hapo, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na moto uliowaka baada yake ulitoka Gahini ya Rwanda ukafika Uganda, Kenya, Tanganyika na Kongo. Balokole walikuwa na desturi ya kutembea katika nuru: unaungama dhambi zako mbele ya wenzako kwa majina yake, wizi ni wizi, uzinzi ni uzinzi. Wengi waliponywa na desturi hiyo. Watu walirudisha mali za wizi, mabwana wakapiga magoti mbele ya watumishi wao. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba radhi mzungu ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia.

Lakini uamsho ule ulikuwa na makali pia. Aliyeungama alijiona ana haki ya kumwungamisha mwingine. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, pamoja na William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mahubiri yao ya alfajiri, na hadi leo sijasikia watu wawili wakikubaliana nani alikosea. Mimi naegemea upande wa wanafunzi, ila nawaelewa waliotaka kulala.

Makali hayo bado yapo. Binti aliyekuwa akijifunza kushona kwangu alipata mimba. Mzee mmoja wa kanisa alisimama siku ya ibada akamtaja jina, akataja na miezi. Hakuna neno la uongo alilosema. Hakuwa amekwenda nyumbani kwa binti, hakuwa amemuuliza ana shida gani, wala hakujua kwamba nauli ya kliniki ilikuwa haipatikani. Binti hakurudi kanisani, na kushona pia akaacha. Katika Mathayo 18 Yesu ameweka utaratibu ambao hata mtoto anaufahamu: mwendee ndugu yako mkiwa wawili tu, akikataa chukua mmoja au wawili, ndipo uliambie kanisa. Wengi wetu huanza na kanisa, kwa sababu huko ndiko kuna wasikilizaji.

Utaratibu huo niliona umefuatwa hatua kwa hatua mahali ambapo haukutarajiwa, mbele ya rais Idi Amin.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, Kitgum, akawa mwalimu, akaokoka mwaka 1948 katika uamsho uleule. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Kwa hiyo alikuwa Baba Askofu wetu pia, sisi wa ng'ambo ya Semliki. Watu walikuwa wakikamatwa na kupotea, na alikuwa akienda mwenyewe kwenye ofisi za wapelelezi wa serikali kuulizia waliochukuliwa, jambo ambalo wakati huo lilikuwa kama kuingiza mkono kinywani mwa mamba. Alionana na Amin, akazungumza naye. Wapo waliomlaumu kwamba amemkaribia mno rais. Lakini ungemwonyaje mtu usiyethubutu kumsogelea?

Kisha akachukua wenzake. Agosti 1976, huko Lweza, viongozi wa Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu walikutana chini ya uenyekiti wake kuzungumzia mauaji na hali ya nchi. Wana wa wale Wafaransa na Waingereza wa 1892, pamoja na Waislamu, wamekaa chumba kimoja kuwatetea raia wasio na mtetezi! Hajji nilimweleza habari hiyo, akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo sawa."

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba ya Askofu Mkuu hapo Namirembe wakitafuta silaha. Walimwelekezea bunduki tumboni. Hawakupata kitu. Maaskofu wakakutana, na tarehe 10 Februari wakamwandikia Amin barua. Nimeisoma mara nyingi, na kinachonivutia ni namna ilivyopelekwa. Hawakuituma kwanza kwa magazeti ya London, wala hawakuifanya waraka usio na jina wa kubandikwa ukutani usiku. Ilikwenda kwa rais mwenyewe, kwa heshima yote ya cheo chake, ikiwa na sahihi za walioiandika, na nakala zikaenda kwa mawaziri. Ndani yake hawakumung'unya maneno. Walisema kwamba wamezika wengi waliopigwa risasi na kwamba wengine miili yao haijaonekana, na kwamba bunduki iliyogusa tumbo la Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo. Walisikitika pia kwamba zamani waliweza kuonana naye na kuzungumza, na sasa mlango umefungwa. Sehemu hiyo watu huipita haraka, lakini mimi naona barua yote imesimama juu yake. Mtu uliyemkatia tamaa humwambii kwamba umekosa kuonana naye.

Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Nile Mansions. Askari walikusanywa, silaha zikapangwa, hati za kuwashtaki kwa njama zikasomwa. Wengine wakaruhusiwa kwenda, Luwum akabakizwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Mwili wake ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko, na Namirembe maelfu wakakusanyika kwa ibada kandokando ya kaburi lililochimbwa bila wa kuzikwa.

Hapa lazima niseme jambo linalonigusa kama Mkongomani anayeishi Kampala. Wazee wengi wa Kiganda husikia Kiswahili wakakumbuka askari wa enzi zile: simama, lala chini, fungua mlango. Kuna bibi jirani aliyekuwa akinikunjia uso kila nikimsalimu. Kumhubiria upendo kwa lugha ile kulikuwa kujidanganya. Nikajifunza kumsalimu kwa Kiganda kwanza, nikipiga goti kidogo kama anavyotaka, nikamrekebishia gomesi bila kudai pesa ya haraka. Ilichukua muda mrefu kabla sijaweza kumweleza kwamba mjukuu wake alikuwa akiuza vitu vya nyumba yake, na nilipomwambia, alilia, kisha akaniambia amelijua siku nyingi ila hakuwa na mtu wa kulijadili naye.

Kivengere alipewa habari kwamba zamu yake inafuata. Alivuka milima usiku pamoja na mkewe Mera wakaingia Rwanda. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huohuo, akiwa kanisani London, yale maombi ya Yesu msalabani kwa waliomsulubisha yalimchoma: alitambua kwamba amembeba Amin moyoni kwa chuki. Mwaka 1977 kikatoka kile kitabu chake chenye jina lililowaudhi wengi, Nampenda Idi Amin. Waliofiwa waliuliza ana haki gani. Swali zuri. Lakini anayekisoma hakuti mahali ambapo mauaji yamepakwa asali. Aliendelea kuyataja hadharani katika nchi nyingi, na kumwombea muuaji. Alirudi Uganda baada ya Amin kuanguka mwaka 1979.

Februari 16 sasa ni sikukuu ya taifa, tangu 2016, na sanamu ya Luwum imesimama juu ya mlango wa Westminster Abbey tangu 1998. Hajji hajaridhika. Anasema Luwum angekimbia kama Kivengere, akaendelea kusema akiwa hai. Barua moja haikumbadili Amin, na nchi ikaumia miaka miwili zaidi. Namwambia barua ile haikuandikwa kwa hesabu ya faida. Ananijibu kwamba kila barua huandikwa kwa hesabu. Basi nikamtajia Silvano Wani, ambaye watu humsahau. Maaskofu walipomtafuta wa kukalia kiti cha Luwum walimchagua yeye, Mkakwa kutoka Nile Magharibi, kabila moja na Amin, aliyewahi kuwa padri wa jeshi. Alikipokea kiti ambacho mwenzake alikuwa ameuawa akiwa amekikalia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuliongoza kanisa chini ya rais yuleyule, mtu wa kwao. Hajji akauliza, "Na yeye alimwambia nini?" Nikamwambia akae, habari ya Wani ni ndefu, na kanzu yake bado ina mkono mmoja wa kukunja.