Baridi Kali Hulindwa kwa Kijiti

Mfugaji wa Bunda au Butiama atakaye ng'ombe wake apandishwe kwa njia ya uhimilishaji huutegemea mtungi mmoja wa alumini. Ndani yake mna mbegu za madume bora, kama zile zitayarishwazo katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha. Zimezamishwa katika naitrojeni kimiminika yenye baridi ya takriban nyuzi 196 za sentigredi chini ya sifuri. Mtungi huo hauna umeme wala mashine ya kupozea. Je, baridi hiyo hudhibitiwaje?

Tuyatazame maji jikoni. Yakisha kuchemka, hata moto ukizidishwa joto lake halipandi. Nguvu yote hutumika kuyageuza kuwa mvuke. Mjini Musoma, kando ya Ziwa Victoria lililo kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Naitrojeni nayo huchemka polepole mtungini. Joto lipenyalo kutoka nje huishia katika kuigeuza kuwa gesi. Maadamu kimiminika kipo, baridi haibadiliki.

Kwa hiyo mlinzi wa mtungi hupima kina. Hutumbukiza kijiti kisicho na tundu hadi chini, hungoja sekunde chache, hukitoa na kukipunga hewani. Unyevu wa hewa huganda juu ya sehemu iliyozama, na weupe wake huonyesha kina. Kila kipimo huandikwa daftarini, kwani upungufu wa ghafla huashiria kuharibika kwa ombwe lililo kati ya kuta mbili za mtungi. Kifuniko hakikazwi kamwe: lita moja ya kimiminika hutoa karibu lita 700 za gesi.

Uzembe hapa una gharama. Mbegu zilizopata joto hazitambulikani kwa macho. Mfugaji hugundua hasara baada ya siku 21 hivi, ng'ombe aonyeshapo tena dalili za kutaka dume.

Maabara kubwa za fizikia nazo zina shida hiyo hiyo. Huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, sumaku hupozwa kwa heliamu hadi kelvini 1.9, zikilindwa na maelfu ya vipimo viunganishwavyo na kompyuta. Hata hivyo, tarehe 19 Septemba 2008 hitilafu ya kiungio cha umeme ilisababisha tani kadhaa za heliamu kuvuja, na mtambo ukasimama kwa zaidi ya mwaka.

Zoezi: Lita moja ya naitrojeni kimiminika ina uzito wa gramu 800 hivi. Mtungi wenye lita 10 hupungua gramu 160 kila siku. Utakauka baada ya siku ngapi, na ungeujaza tena lini?