Fahamu: Air Congo ni shirika gani la ndege?

Air Congo ni shirika la taifa la ndege la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lilianza kusafirisha abiria Desemba 2024.

Nani wamiliki?
Serikali ya Kongo ina hisa asilimia 51, na Ethiopian Airlines asilimia 49. Waethiopia wanachangia ndege na utaalamu. Safari zilianza kwa ndege za Boeing 737, makao yakiwa Kinshasa.

Jina lilitoka wapi?
Air Congo ya kwanza iliundwa 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, kwa msaada wa Sabena ya Ubelgiji. Mwaka 1971 nchi ilipoitwa Zaire, shirika likawa Air Zaïre. Lilifilisika 1995. Congo Airways, shirika jingine la serikali, lilianza safari Oktoba 2015 kwa ndege za Airbus A320, lakini likakwama mara kwa mara kwa uhaba wa ndege.

Kwa nini ni muhimu?
Hakuna barabara nzuri inayounganisha eneo la Kivu, mashariki mwa nchi, na Kinshasa. Kwa hiyo mkaaji wa Burungu, katika eneo la Masisi huko Kivu, alikuwa akishuka hadi mji wa Goma kwa gari, kisha akipanda ndege.

Kikwazo ni nini?
Uwanja wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji huo. Pia mashirika yenye leseni ya Kongo yamepigwa marufuku katika anga ya Umoja wa Ulaya tangu 2006, kwa sababu za usalama.

Shirika la taifa litawafaa watu wa mashariki pale tu viwanja vyao vitakapofunguliwa na nauli kuwa ya kumudu.