Kabla ya kuuza shamba ili mtoto awe rubani

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotangazwa, zipo familia za wakulima na wafanyabiashara wadogo zinazoletewa ombi zito. Mtoto amefaulu hisabati na fizikia, na anataka kusomea urubani. Udaktari, uhandisi na ualimu vina njia inayojulikana. Urubani ada yake hutajwa kwa dola, na mara baba na mama wanaanza kuhesabu ekari, ng'ombe na fremu ya duka sokoni.

Ombi hilo si la kupuuzwa. Rubani wa ndege za kikanda, zile za ATR na Dash 8 Q400 zinazobeba abiria wapatao 70 kati ya Dar es Salaam, Mwanza, Bukoba, Mbeya, Nairobi na Entebbe, ana kazi ya heshima na kipato kinachoweza kuinua ukoo. Lakini kwa hesabu za kilimo, huu ni uwekezaji wa zao la kudumu: mtaji mkubwa mwanzoni, miaka kadhaa bila mavuno, na hatari ambazo mkulima hana budi kuzijua kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Leseni si ajira

Jambo linalowaponza wazazi wengi ni kudhani kuwa mwenye leseni tayari ana kazi. Njia ina ngazi zake. Kwanza ni leseni ya rubani binafsi, inayohitaji saa zisizopungua 40 za kuruka na umri wa miaka 17. Leseni hii haimruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege. Ngazi ya pili ni leseni ya biashara. Kwa viwango vya kimataifa huhitaji umri wa miaka 18 na saa 200, au saa 150 kwa anayesoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Juu yake huongezwa kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo pale rubani asipoona nje, na kibali cha ndege yenye injini zaidi ya moja.

Ngazi ya tatu ni leseni ya rubani wa shirika la ndege, inayohitaji saa 1,500. Hiyo ndiyo anayohitaji kapteni wa ATR au Q400. Rubani msaidizi anaweza kuanza akiwa na leseni ya biashara, lakini ni lazima afunzwe aina ile ile ya ndege atakayorusha. Mafunzo hayo yana gharama yake. Baadhi ya kampuni huyalipia na kumfunga kijana kwa mkataba wa miaka kadhaa. Nyingine humtaka aje nayo mkononi.

Kati ya saa 200 na ajira ya shirika kuna bonde pana. Wengi hulivuka kwa kurusha ndege ndogo za Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti, Maasai Mara na Zanzibar, au kwa kuwa wakufunzi katika shule za urubani. Anayepata saa 600 kwa mwaka atahitaji zaidi ya miaka miwili kutoka saa 200 hadi 1,500. Asiyepata kazi hiyo hubaki nyumbani na leseni, huku akilipia vipimo vya afya na kuhuisha vibali ili visife.

Fedha zinakwenda wapi

Ndege ndogo ya mafunzo ya aina ya Cessna 172 hunywa mafuta yapatayo lita 30 hadi 35 kwa saa. Kwa saa 200, hizo ni lita zaidi ya 6,000, na ni mafuta maalumu ya ndege yanayoagizwa kutoka nje. Ongeza matengenezo, bima, mkufunzi na ada za kutua. Ndiyo maana ada hufuata dola hata kama shule ipo jirani.

Vijana wa Kitanzania wamekuwa wakisomea Afrika Kusini, Ethiopia, Kenya kwenye shule za uwanja wa Wilson jijini Nairobi, na Uganda katika chuo cha Soroti kilichoanzishwa 1971. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Dar es Salaam, nacho kimekuwa kikijenga kituo cha umahiri wa usafiri wa anga. Aliyesoma nje akumbuke kuwa leseni yake itahitaji kutambuliwa au kubadilishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kabla ya kufanyia kazi nchini.

Dola nayo haisubiri. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa takriban Sh2,330. Katikati ya 2024 ilizidi Sh2,600. Kwa ada ya mfano ya dola 50,000, mabadiliko hayo pekee yanaongeza zaidi ya Sh13 milioni, na mwanafunzi hajaongezewa hata dakika moja angani. Familia inayouza mahindi kwa shilingi na kulipa ada kwa dola inabeba hatari hiyo yote peke yake.

Tuchukue mfano wa mkopo. Familia imekopa Sh100 milioni kwa riba ya asilimia 16, na kwa miaka mitatu, miwili ya masomo na mmoja wa kutafuta kazi, haijarejesha kitu. Deni litakuwa limefika Sh156 milioni. Likilipwa kwa miaka saba inayofuata, ni takriban Sh38.6 milioni kwa mwaka, yaani Sh3.2 milioni kila mwezi. Swali la kujiuliza ni moja: je, mshahara wa kuanzia, baada ya kodi, pango na chakula, utabeba kiasi hicho? Usipobeba, tofauti italipwa na shamba.

Kazi inayopanda na kushuka

Soko la marubani lina misimu kama bei ya kahawa. Mwaka 2016 Air Tanzania ilipokea ndege mbili mpya za Q400 na nafasi zikaanza kufunguka tena. Desemba 2018 kampuni ya fastjet ilisitisha safari zake nchini. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 uliegesha ndege dunia nzima, na hata marubani wenye maelfu ya saa wakakaa bila kazi. Anayeanza masomo leo haingii katika soko la leo, bali la miaka mitatu au minne ijayo.

Vijana wengine hutaja mishahara ya Marekani. Ni kweli kampuni za kikanda za huko zilipandisha malipo kwa kasi mwaka 2022. Lakini baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo Februari 2009, iliyoua watu 50, sheria ya huko ilibadilishwa, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika hutakiwa kwa kawaida kuwa na saa 1,500. Pia lazima awe na haki ya kuishi na kufanya kazi nchini humo. Mishahara hiyo si kipimo cha kupangia bajeti ya Karagwe au Mbarali.

Isisahauliwe kuwa kazi yenyewe ni dhamana ya maisha ya watu. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Anayevutiwa na sare na kofia peke yake hajaiona kazi hii.

Lipa kwa hatua

Hatua ya kwanza ni afya, kabla ya ada yoyote. Kijana apimwe kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA apate cheti cha daraja la kwanza: macho na uwezo wa kutambua rangi, masikio, moyo, historia ya kifafa na mengineyo. Miwani haimzuii mtu ikiwa inarekebisha uoni ipasavyo. Wapo waliomaliza akiba ya familia ndipo wakaambiwa hawafai. Cheti hicho hurudiwa kila mwaka, na kikikataliwa kazi husimama. Ndiyo maana ipo bima ya kupoteza leseni.

Hatua ya pili ni leseni binafsi pekee. Saa 40 ni kama shamba la majaribio la robo ekari: zinatosha kuonyesha kama kijana anamudu hesabu za njia, hali ya hewa, redio na Kiingereza cha anga bila kuteketeza mtaji wote. Akishindwa hapo, familia bado ina shamba.

Hatua ya tatu ni kulipia shule kwa awamu, kulingana na saa zilizorushwa. Shule inayodai ada yote siku ya kwanza iulizwe maswali: ina ndege ngapi zinazoruka leo, wakufunzi wangapi, na wahitimu wa mwaka juzi wako wapi. Shule ikifungwa, mwanafunzi aliyelipa kwa awamu hupoteza kidogo.

Hatua ya nne ni kutenga fedha za bonde lile la kutafuta kazi, walau mwaka mmoja wa matumizi na kuhuisha vibali. Bajeti inayoishia siku ya mahafali ni nusu ya bajeti.

Kwa familia ambayo ardhi ndiyo chakula na ndiyo kipato chake chote, jibu la hesabu ni hapana: shamba lisiuzwe wala kuwekwa rehani kwa ajili ya urubani. Kijana anaweza kuingia katika anga kwa mlango mwingine, kama ufundi wa ndege, uongozaji wa ndege au shughuli za kiwanjani, akalipia saa zake kidogo kidogo kutokana na mshahara. Umri unaruhusu. Tangu 2006 kikomo cha kimataifa cha rubani wa shirika anayeruka na mwenzake ni miaka 65, hivyo anayepata leseni akiwa na miaka 28 bado ana zaidi ya miaka 35 ya kazi mbele yake.

Kwa familia yenye ziada, yaani biashara inayoendelea kutoa faida hata ada ikishatolewa, hesabu inaweza kukubali, ilimradi hatua zifuatwe kwa mpangilio na kila ndugu anayechangia aelezwe mapema kuwa mavuno yatachelewa, na yanaweza yasije.