Kwa Nini Kompyuta Huzimika Ghafla Betri Inapozeeka

Kompyuta mpakato iliyotumika kwa miaka kadhaa aghalabu huwa na tabia moja inayowatatiza watumiaji. Kioo chake huonyesha kuwa betri ina asilimia 35 ya chaji, kisha mara moja mashine yote huzimika. Mwanafunzi hupoteza tasnifu ambayo hajaihifadhi; karani hupoteza hesabu za siku nzima. Wengine huiuza mashine kwa bei ya chini wakidhani imekufa, na wengine hununua betri mpya wasiyoihitaji. Hata hivyo, tabia hii ina sababu zake katika kemia na fizikia, na mtu azifahamuye aweza kuichunguza mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Yatokeayo ndani ya betri

Betri za kompyuta hizi ni za ioni za lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991. Wanasayansi watatu walioiwekea misingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Katika kila seli, ioni za lithiamu husafiri kupitia kimiminiko kati ya ncha mbili. Betri inapochajiwa, ioni huingia katika ncha ya kaboni. Inapotumika, hurudi katika ncha ya pili.

Juu ya kaboni hujengeka utando mwembamba. Utando huo huilinda ncha, lakini huendelea kukua mwaka hadi mwaka, na matokeo yake ni mawili. Kwanza, hula lithiamu, hivyo akiba ya umeme hupungua. Pili, huzipa ioni taabu ya kupita, yaani ukinzani wa ndani wa betri huongezeka. Joto huharakisha mambo yote mawili, hasa betri ikiwa imejaa. Kwa hiyo, kuiacha kompyuta yenye chaji tele ndani ya gari lililoegeshwa juani ni kuizeesha betri yake.

Hesabu ya kuzimika

Ukinzani huo ndio kiini cha tatizo. Na ichukuliwe, kwa mfano, betri ya seli tatu zilizopangwa kwa mfuatano, yenye volti 11 wakati fulani, ambayo saketi yake ya ulinzi hukata umeme volti zinaposhuka chini ya 9. Betri ikiwa mpya na ukinzani wake ni omu 0.15, mkondo wa ampea 4 hupunguza volti 0.6 tu, hubaki volti 10.4 na kazi huendelea. Betri ikizeeka hata ukinzani ukafika omu 0.6, mkondo ule ule hupunguza volti 2.4, hubaki 8.6, na saketi hukata. Chaji bado imo, ila haiwezi kutoka kwa kasi inayotakiwa, mithili ya maji katika mtungi ulioziba mdomo.

Aidha, seli moja ikidhoofika kuliko wenzake, hiyo hufikia kikomo kwanza na kuzisimamisha zote. Nayo asilimia ionekanayo kiooni ni makadirio tu, yatokanayo na hesabu ya umeme ulioingia na uliotoka. Betri ikizeeka, makadirio hayo huweza kupotoka.

Namna ya kuchunguza

Kwanza, itenganishwe hitilafu ya betri na hitilafu nyingine. Kompyuta ikizimika hata inapokuwa kwenye chaja, huku ikiwa ya moto sana, yafaa kukagua kama feni imejaa vumbi.

Pili, ijaribiwe bila chaja kwa kazi nyepesi, kama kuandika, na kioo kikiwa kimepunguzwa mwanga. Ikidumu kwa kazi hiyo lakini ikazimika mara ipewapo kazi nzito, ukinzani ndio wa kushukiwa.

Tatu, isomwe taarifa ya betri. Katika mashine za Windows, amri powercfg /batteryreport hutoa namba mbili: uwezo wa betri ilipobuniwa, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Betri iliyobuniwa kwa wati-saa 50, ambayo sasa hujaa kwa wati-saa 25, imepoteza nusu ya uwezo wake.

Nne, ikiwa uwezo ungali mzuri lakini asilimia huruka-ruka, betri ichajiwe hadi ijae, itumike mpaka mashine ijizime, kazi zote zikiwa zimehifadhiwa, kisha ichajiwe tena bila kukatizwa. Njia hii hurekebisha makadirio; haiiponyi betri iliyochakaa.

Tahadhari

Betri iliyovimba isijaribiwe kwa namna yoyote. Dalili zake ni kibodi kuinuka au kifuniko kukataa kufunga sawasawa. Ndani yake mna gesi, na kimiminiko chake hushika moto. Isichajiwe, isitobolewe, wala isitupwe jalalani. Mashine izimwe na kupelekwa kwa fundi.

Anunuaye betri nyingine ahakikishe kuwa volti zake zinalingana na za ile ya zamani, na aulize ilitengenezwa lini, kwa maana betri huzeeka hata ikiwa rafuni. Asiye na fedha za kununua aweza kuendelea na ile kuukuu isiyovimba, mradi aipe kazi nyepesi na ahifadhi maandishi yake kila baada ya dakika chache.