Karibu Kalinzi: Utangulizi wa Sheria za Viumbe Walio Hatarini

Simama katika kijiji cha Kalinzi, katikati ya mibuni, utazame magharibi. Nyuma ya vilima vile ardhi inateremka kwa ghafla hadi Ziwa Tanganyika, na mteremko huo ndio hifadhi ya Gombe. Sokwe mtu akifuata matunda akavuka mpaka wa hifadhi, hubaki kiumbe yuleyule. Kinachobadilika ni sheria inayomzunguka. Mabadiliko hayo ndiyo somo la kitabu hiki.

Wengi huanzia Orodha Nyekundu ya IUCN. Sokwe mtu yumo humo, daraja la pili kwa ukali wa hatari ya kutoweka miongoni mwa viumbe ambao bado wapo porini. Lakini orodha hiyo ni kauli ya wanasayansi tu, haina hakimu wala faini. Mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na ambao Tanzania ilijiunga nao 1979, una meno: sokwe mtu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza, hivyo kumnasa porini na kumuuza nje ya nchi ni marufuku. Hata hivyo meno hayo yako mpakani na bandarini. Msitu ukifyekwa, CITES haina la kusema.

Ndiyo maana historia ya Gombe hunivutia kuliko mikataba yote. Pale ardhi yenyewe ndiyo iliyopandishwa daraja: pori la akiba mwaka 1943, hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ndani yake hakuna kulima, hakuna kuwinda. Nje yake, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 bado inamfuata mnyama, na kumuua bila kibali ni kosa. Lakini je, mti anaojengea kiota chake cha usiku? Ukiwa kwenye ardhi ya kijiji, hatima yake iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mikononi mwa watu wanaohitaji kuni, mihogo na ada za shule. Mahitaji hayo ni ya haki, na mwanasheria anayeyapuuza hajaielewa kazi yake. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa 1994 na Taasisi ya Jane Goodall, uliyaelewa: ulianza na miche na mashamba, na baadaye vijiji vikatenga misitu yao wenyewe.

Basi sura ya kwanza haifunguki Washington. Inafunguka ofisi ya kijiji, mbele ya ramani ya matumizi ya ardhi.