Kiyoyozi cha maji: faida Dodoma, hasara Dar es Salaam

Joto linapoanza kupanda Dar es Salaam, kuanzia Novemba hadi Machi, maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo hutoa barazani mashine nyeupe zenye magurudumu, tangi la maji chini na vitufe juu. Wauzaji huziita feni za maji, wengine AC za maji. Hazihitaji fundi wa kutoboa ukuta wala kujazwa gesi. Unachomeka kwenye soketi ya kawaida, usiku unaisukuma kutoka sebuleni hadi chumbani. Kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kuona tundu ukutani, na ambaye AC ya ukutani pamoja na bomba, nyaya na ufundi inaweza kumfikia milioni moja, bidhaa hii inajibu shida ya kweli.

Mashine yenyewe haina ubaya. Ila ubora wake hutegemea hewa ya mahali inapotumika kuliko chapa iliyo kwenye boksi, na hilo mnunuzi wa Kariakoo haambiwi.

Inafanya kazi kama mtungi wa udongo. Pampu ndogo hupandisha maji na kuyamwaga juu ya pedi ya karatasi ngumu yenye vitundu vingi, na feni huvuta hewa ipite katikati yake. Maji yanapogeuka mvuke hunyonya joto: kila lita moja inayokauka huondoka na joto linalolingana na theluthi mbili ya uniti ya umeme. Hewa hutoka ikiwa baridi, lakini imebeba unyevu. Kwa kuwa hakuna kompresa, mashine nyingi za chumba hutumia kati ya wati 60 na 200 tu, wakati AC ya ukutani ya BTU 12,000 hula karibu wati 1,000 kompresa inapokuwa kazini.

Tuipeleke Dodoma. Mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Mei na Novemba mvua ni kama hakuna. Chukua alasiri ya Oktoba yenye nyuzi 31 na unyevu hewani wa asilimia 35. Pedi nzuri itatoa hewa ya nyuzi 23 hivi, na unyevu unaoongezeka ni nafuu kwa midomo na ngozi iliyokauka. Rudi Dar es Salaam mwezi Februari, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70. Mashine ile ile, maji yale yale, itatoa hewa ya nyuzi 28 au 29, tena iliyoshiba unyevu kiasi kwamba jasho haliwezi kukauka mwilini. Tanga, Zanzibar na Mombasa hali ni hiyo hiyo. Usiku wa pwani ni mbaya zaidi, kwa sababu joto likishuka kidogo unyevu hupanda, na nafasi ya maji kukauka hubaki finyu sana.

Kwa nini basi mteja huridhika akiwa dukani? Tazama onyesho linavyofanyika. Mashine imewekwa mlangoni, mgongo wake ukielekea mtaani ambako hewa haikomi kubadilika. Tangini kumetiwa maji ya friji na vile vichupa vya barafu vinavyokuja ndani ya boksi. Mteja ametoka juani, shati limelowa jasho. “Sogea mama, uhisi mwenyewe,” anaambiwa, na upepo wa kasi unampiga usoni. Hapo hata feni ya kawaida ingemburudisha. Analipa. Akifika Mbagala au Sinza anafunga madirisha kama alivyoona watu wa AC wakifanya. Baada ya saa moja au mbili shuka zinakuwa na ubichi, kuta zinatoa harufu, na mtoto anajigeuza kitandani kwa fukuto.

Hiyo barafu nayo ina hesabu yake. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la kilojuli 334. Kilo moja ya maji ikikauka hunyonya zaidi ya kilojuli 2,400, yaani mara saba. Vichupa viwili vya barafu vinapoza maji kwa muda mfupi tu, baada ya hapo vinabaki kuelea bure. Na barafu hiyo umeigandisha kwenye friji yako mwenyewe, kwa LUKU yako, huku friji ikitema joto ndani ya nyumba ile ile unayotaka kuipoza.

Kwenye hewa kavu, kwa upande mwingine, faida ya mashine hii haina mjadala. Kwa mteja wa nyumbani asiye kwenye kundi la matumizi madogo, uniti moja ni shilingi 350 na ushee, kodi ikiwemo. Mashine ya wati 120 ikiwaka saa nane hutumia uniti moja. AC ya BTU 12,000 isiyo ya inverta, hata kompresa ikipumzika mara kwa mara, itakula uniti sita hivi kwa muda huo. Kwa mwezi ni kama shilingi 10,500 dhidi ya 63,000. Ongeza maji: mashine inayopitisha mita za ujazo 1,000 za hewa kwa saa na kushusha nyuzi nane itakausha lita tatu na nusu kila saa, hivyo tangi la lita 40 linadumu kwa muda wa saa kumi na moja hivi. Anayenunua maji kwa madumu aingize gharama hiyo kwenye hesabu. Mji wa Dodoma umejaa ofisi, hosteli na nyumba za kupanga tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, na nionavyo soko halisi la mashine hizi liko huko, liko Singida, liko Tabora. Kwa jirani zetu Kenya liko Garissa na Lodwar, si Mombasa.

Wahindi walilijua hili zamani. Kampuni ya Symphony ya Ahmedabad, iliyoanzishwa mwaka 1988, imejenga jina lake kwa bidhaa hii moja, na msimu wake mkubwa ni ule wa joto kavu kabla masika yao hayajafika. Mvua zikishuka na hewa ikajaa unyevu, mauzo hupoa.

Kufunga na kuendesha si kazi ngumu, ila kuna kanuni ambazo karatasi ya maelekezo huzipita haraka. Mgongo wa mashine ukae karibu na dirisha lililo wazi ili ivute hewa kavu ya nje. Dirisha au mlango wa upande wa pili uachwe wazi ili hewa iliyokwisha beba unyevu itoke. Pampu iachwe ilowanishe pedi kwa dakika chache kabla ya feni kuwashwa, na kabla ya kuzima, feni iendelee bila pampu hadi pedi ikauke, la sivyo itaota ukungu na kunuka.

Dodoma ina adui mwingine: chumvi. Maji ya visima vya Makutupora ni magumu. Yakikauka huacha chumvi zake kwenye pedi, ukoko mweupe unaoziba vitundu, na kwenye pampu, ambako mhimili hukwama hadi mota iungue. Mafundi wengi hubadilisha pampu bila kugusa pedi, na baada ya wiki kadhaa mteja anarudi. Maji ya tangi yamwagwe yote kila wiki, si kuongezewa tu, na pedi iloweshwe kwa siki iliyochanganywa na maji. Kumwaga huko kuna sababu ya pili. Mbu anayeeneza dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Mjini Delhi wakaguzi wa afya hufungua matangi ya mashine hizi nyumba kwa nyumba wakitafuta viluwiluwi.

Jambo jingine linalochanganya soko ni kwamba rafu moja hubeba vitu viwili tofauti. Ipo AC kamili ya kuhamishika, yenye kompresa, gesi na bomba nene la kutolea joto. Hiyo inafaa pwani, mradi bomba litokeze nje dirishani na madirisha yafungwe. Ukiliacha bomba chumbani, chumba kinazidi kupata joto. Kuzitofautisha ni rahisi: angalia nyuma kama kuna kibandiko cha aina ya gesi, kwa mfano R32 au R410A. Kama hakuna gesi wala bomba, hiyo ni feni ya maji, hata boksi likiandikwa AC kwa herufi kubwa.

Mfanyabiashara mwenye macho ataona fursa kwenye vipuri. Pedi huchoka, na mwenye mashine asipopata pedi ya saizi yake huishia kuitumia kama feni tu. Anayeleta kontena la mashine bila pedi na pampu za akiba anauza takataka za baadaye. Pedi hizo hizo, kwa ukubwa zaidi, hutumika kwenye mabanda makubwa ya kuku na vitalu nyumba, kwa hiyo duka moja la vipuri Dodoma linaweza kuwahudumia mfugaji na mwenye hosteli kwa pamoja.

Shirika la Viwango, TBS, lingewasaidia wananchi kwa kudai maneno machache ya Kiswahili kwenye kila boksi: mashine hii haina gesi, hufaa penye hewa kavu, itumike dirisha likiwa wazi. Kabla hilo halijafanyika, mnunuzi ajipimie mwenyewe. Chukua kipimajoto cha kawaida cha ukutani, soma namba yake saa za joto. Kisha funga kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha yake, kipepee dakika tano, usome tena. Tofauti ikiwa nyuzi nane au zaidi, nunua feni ya maji bila wasiwasi. Ikiwa nne au pungufu, nunua feni nzuri ya kawaida, na pesa inayobaki iweke akiba ya AC.