Paleti za kuhifadhia mahindi Meru na Embu: Aina, gharama na mahali pa kuzipata

MKULIMA wa Meru au Embu anayeweka magunia ya mahindi moja kwa moja sakafuni hudhani ameokoa pesa. Kumbe unyevu hupanda polepole, hata kwenye sakafu ya saruji, ukaingia katika gunia la chini na kuzalisha ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini.

Madhara ya sumu hiyo yanajulikana vyema katika eneo hili. Mnamo 2004 watu 317 waliugua nchini na 125 wakafariki, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki ambao pia ulijumuisha Meru na Embu. Kuhifadhi nyumbani mahindi ambayo hayajakauka kulitajwa miongoni mwa sababu kuu.

Kinga mojawapo ni paleti, yaani jukwaa la mbao au plastiki ambalo baadhi ya watu huliita chaga. Huinua magunia takriban sentimita 15 na kuruhusu hewa kupita chini yake. Swali la wengi ni gharama. Bei hutofautiana kati ya mji na mji na kati ya msimu na msimu, lakini mpangilio wake haubadiliki sana.

Paleti kuukuu za mbao ndizo za bei nafuu zaidi. Nyingi hutoka viwandani na katika maghala ya Nairobi, Thika na Athi River, zilikofika zikiwa zimebeba bidhaa. Mnunuzi hana budi kuzikagua. Iliyo na madoa, mafuta au harufu ya dawa haifai kubeba chakula. Aangalie pia muhuri wenye mchoro wa suke la ngano. Herufi HT humaanisha kwamba mbao zilipashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Herufi MB humaanisha kwamba zilifukizwa kwa gesi ya sumu, na ni busara kuziepuka.

Za pili kwa bei ni zile zinazoundwa na maseremala wa mitaani. Hapa Meru na Embu wana bahati, kwa kuwa miti ya grevilea, ambayo wenyeji huiita mukima, imejaa mashambani kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Tangu serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, umuhimu wa miti hiyo ya mashambani ulizidi kuonekana. Maseremala na wauza mbao hupatikana mjini Meru, Nkubu, Maua, Embu, Runyenjes na Siakago.

Kabla ya kuafikiana bei na seremala, mteja anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Paleti ya mita 1.2 kwa mita 1 huhitaji takriban futi 12 za mbao za inchi 4 kwa 2, na futi 33 za inchi 4 kwa 1. Kati ya hizo 33, takriban futi 10 ni za upande wa chini, ambao kazi yake kubwa ni kurahisisha ubebaji kwa mashine. Katika stoo ya nyumbani zinaweza kuachwa, na gharama ikapungua. Mteja azidishe futi hizo kwa bei ya duka la mbao, kisha aongeze misumari na ufundi.

Zinazofuata ni paleti mpya zilizopashwa joto na kupigwa muhuri. Hizo hasa ni za wanaosafirisha mazao ng'ambo, ambao huulizia watengenezaji walioidhinishwa katika shirika la KEPHIS. Mkulima anayehifadhi chakula cha nyumbani hana haja ya kuzigharamia.

Za plastiki ndizo ghali zaidi, na kwa kawaida huagizwa Nairobi. Hata hivyo, huoshwa kwa urahisi, haziliwi na mchwa, wala hazina matundu ya kumficha dumuzi, mdudu anayetoboa mbao sawa na anavyotoboa mahindi.

Kwa hivyo gharama ipimwe kwa miaka. Tuseme paleti ya plastiki inauzwa mara nne ya bei ya mbao. Katika nyanda kavu za Mbeere, ikiwa mchwa watamaliza ya mbao kwa miaka miwili ilhali ya plastiki itadumu kumi, ya plastiki ndiyo nafuu. Kwenye miinuko, ikiwa ya mbao itadumu miaka mitano, hesabu inageuka. Nauli nayo isisahaulike, kwani paleti hujaza lori upesi. Anayetaka mbili au tatu pekee huenda akapata nafuu kwa seremala wa karibu.

Asiyemudu hata hizo anaweza kupanga mabanzi ya mbao juu ya matofali. La muhimu ni magunia yasiguse sakafu wala ukuta.

Lakini paleti haikaushi mahindi. Yanapaswa kuanikwa hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kutiwa guniani. Mavuno ya mvua za vuli huingia ghalani Januari na Februari, na kufikia Machi masika huwa yamebisha hodi. Muda wa kuanika mahindi na kuandaa paleti ni huo mfupi ulio katikati.